Bodi Iliyopewa Jina la Binti

Ile bodi haikuwa na spika. Tuelewane hapo kwanza, maana watu wakisimuliwa kisa hiki hukimbilia kusema labda ilikuwa redio, labda simu, labda mtoto wa jirani. Ilikuwa bodi ya kijani ya ukubwa wa kiganja, imejaa vidude vyeusi vidogo vidogo, na haikuwa na kitu chochote cha kutolea sauti. Kwa hiyo mchana ule mama alipomwita binti yake aje kula, na sauti ya binti ikajibu "Nakuja, mama!" kutoka chumba cha kazi cha baba yake, hapakuwa na maelezo ya karibu. Binti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mama, sahani mkononi, anasubiri kupakuliwa.

Mama alicheka. Mtu hucheka kwanza. Akaenda hadi chumba cha kazi, akachungulia, akakuta kiti kitupu, kompyuta inawaka, na bodi mezani na taa yake ndogo nyekundu. Mumewe alikuwa bafuni, povu la sabuni limemjaa masikioni.

"Umejifunza lini kuigiza sauti za watoto?" akamuuliza mlangoni.

"Nini?"

"Basi, oga."

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Yeye angependa kuitwa mhandisi, lakini hakuna aliyempa raha hiyo, hata mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea na hakuwa na muda wa kubembeleza watu wazima. Kazi ya Fundi ilikuwa kutengeneza mitambo midogo ya kuwasha na kuzima pampu za maji kwenye majumba ya kupangisha. Ndani ya kila mtambo huwa pana bodi kama ile, na ndani ya bodi huwa pana Linux, programu ya kuendesha kompyuta, nayo ndiyo inayoiambia pampu sasa vuta, sasa acha. Kazi hiyo aliifanyia nyumbani, katika nyumba ya watu wanne: yeye, mkewe, binti yao wa pekee, na mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Bibi na ndiye aliyeshinda na mtoto.

Bodi mpya zilikuwa zimeadimika madukani. Fundi akaenda kwa muuza vifaa chakavu, akaingiza mkono kwenye ndoo ya bodi zilizong'olewa kwenye mitambo ya watu, akatoa ile. Ilikuwa nzima, haina ufa, ila ilinuka nywele zilizoungua. Bodi za mitumba nyingi hunuka kuungua, hakujali.

Sasa, bodi ikiwashwa huwa inasema. Unaiunganisha na kompyuta kwa waya mwembamba, halafu unaona kwenye skrini mistari myeupe ikishuka kwa kasi: nimeamka, nimeiona kumbukumbu yangu, nimeiona kadi, naendelea. Mafundi wa kazi hii wana tabia moja mbaya, nayo ni kwamba mistari ile hawaisomi. Wanaiacha ipite, wanachotaka ni ule wa mwisho tu. Siku ile bodi ilipowashwa mara ya kwanza, ikiwa bado na kadi yake ya zamani, ile inayobeba programu, iliandika mistari mingi ikaishia kwenye jina. Jina refu, peke yake, na baada yake alama inayopepesa, ikisubiri kujibiwa. Fundi aliona kuna jina. Hakulisoma. Akasema kimoyomoyo kwamba hizo ni takataka za mwenyewe wa zamani, akachomoa kadi, akaifuta yote, akaiandikia Linux mpya, akairudisha.

Safari hii bodi ilipoamka iliuliza swali ambalo mfumo mpya huuliza: mashine hii iitwe nani?

Fundi alikuwa na mchezo wa kuzipa bodi zake majina ya watu wa nyumbani. Mkewe alishawahi kuwa bodi, na bodi hiyo ikaungua, akalalamika mezani, "Mimi nimeshaungua wiki iliyopita, leo unamchoma nani?" Wakacheka sana. Kwa hii ya kijani Fundi aliandika jina la binti. Jina lenyewe halitatajwa hapa. Lilikuwa jina zuri, la kawaida, na limeshaitwa vya kutosha.

Baada ya mchana ule wa sahani, sauti ilizoea nyumba. Mama akiita, kinachojibu ni chumba cha kazi. Bibi akiita, ni hicho hicho. Na binti, ambaye zamani alikuwa haitwi mara mbili, akawa hajibu kabisa. Anakutazama tu, midomo imefunga, kana kwamba anasubiri mwenzake amalize kusema. Sauti yake ikaanza kukwaruza, kisha ikawa mnong'ono. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni zima. Ile harufu ya nywele ikatoka chumba cha kazi, ikapita ukumbini, ikakaa kwenye mto wa mtoto, na hata foronya zilipofuliwa na kuanikwa juani haikuondoka.

"Huyu mtoto kuna mtu anamjibia," Bibi alimnong'oneza mwanawe jikoni.

"Mama, ni mafua."

"Mafua hayajibu kwa niaba ya mtu."

Fundi alikuwa wa mwisho kuogopa, na si kwa ushujaa, ni kwa kiburi. Alisema atavuta waya siku atakayomaliza programu ya pampu. Alasiri moja alikuwa mezani anaiandika programu hiyo, jua limejaa dirishani, mikono yake ikiwa imeshika kikombe cha chai, wala si kibodi, maandishi yakatokea yenyewe kwenye skrini.

baba nataka maji

Alidhani kuna mjanja ameingia kwenye mtandao wake. Mlango ukafunguliwa. Binti akasimama kizingitini akasema, kwa sauti safi, ile ya zamani ambayo haikuwa imesikika kwa siku nyingi, "Baba, nataka maji." Na Fundi, pamoja na akili zake zote, alifurahi. Alifurahi kusikia sauti. Alikuwa anainuka kwenda kuleta maji pale mstari mwingine ulipoandikwa.

baba unanuka

"Baba, unanuka," binti akasema.

baba nakuchukia tangu nizaliwe

"Baba, nakuchukia tangu nizaliwe." Alisema hivyo bila hasira, macho yake yamejaa machozi, kidole chake kimeshika upindo wa gauni kama afanyavyo akiogopa. Mdomo ulikuwa unasema, na mtoto mwenyewe alikuwa nyuma yake, anausikiliza.

naanguka

Fundi hakuwahi hata kusukuma kiti nyuma. Binti alianguka mbele mzima mzima, hakutanguliza mikono, mdomo wake ukafikia ukingo wa meza, na mlio wake ulikuwa mdogo kuliko mtu anavyotarajia. Meno ya mbele yalibaki juu ya meza karibu na kikombe. Fundi alimkumbatia, damu ikamlowesha shati, akapiga kelele kumwita mkewe, na alipoinua macho skrini ilikuwa imeandika neno jipya na kuweka ile alama ya kusubiri.

tena?

Akavuta waya wa umeme kwa nguvu zake zote, akautupa chini, na taa nyekundu ikazimika, na skrini ikawa nyeusi, na katika mikono yake binti naye akazimika, akalegea, kifua kikasimama, macho yakabaki wazi yakitazama dari, na mkewe aliyekuwa anaingia mbio akapiga yowe, na Bibi akaja akamnyang'anya mtoto akaanza kumpiga mgongoni na kumwita kwa jina lake, kumwita na kumwita, na safari hii hakuna kilichojibu popote, si mdomo ule wala bodi ile, na ndipo Fundi alipoelewa alichofanya, akapiga magoti, akatafuta ncha ya waya chini ya meza kwa vidole vilivyojaa damu ya mwanawe, akauchomeka tena.

Bodi huchukua muda kuamka. Mistari ilianza kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii Fundi aliisoma yote, mmoja mmoja: nimeamka, nimeiona kumbukumbu yangu, nimeiona kadi, naendelea, na Bibi anapiga mgongo, na mkewe anasema "Mungu wangu, Mungu wangu, Mungu wangu," na midomo ya mtoto inageuka rangi, mpaka mstari wa mwisho ulipofika, na mstari wa mwisho ulikuwa jina la binti yake. Mtoto akavuta pumzi kama aliyetolewa kisimani.

Hakuna aliyethubutu kuzima chochote tena. Fundi aliifunga bodi na kompyuta kwenye betri ya akiba, umeme ukikatika zisizime, na wakakaa kuitazama ile taa hadi kulipokucha, ndipo mkewe akatoka kumtafuta mganga.

Kama unamsubiri mzee mwenye vibuyu, samahani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mafua makali, aliyetoka kwake kwa haraka akasahau miwani. Alisimama mlangoni, akavuta hewa kwa pua ile ile iliyoziba, akasema, "Amekaa humu." Hapo hapo umeme wa mtaa mzima ukakatika. Feni ya sebuleni ikazunguka kwa uvivu ikasimama, na chumbani betri ya akiba ikaanza kazi. Ilikuwa betri ya majaribio, haikuundwa kushikilia roho ya mtu, na vitaa vyake vya kuonyesha chaji vilianza kuzimika kimoja kimoja.

Binti alikuwa amelazwa kwenye kochi, kichwa mapajani mwa Bibi, mdomo umevimba. Bibi alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi na kumwimbia chini chini. Wale wengine wakaingia chumba cha kazi, wakarudisha mlango.

"Pepo hawa hutoka kwa jina, baba," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Namwita jina lake, namwambia toka, anatoka. Anaitwa nani?"

"Nilimpa jina la mwanangu."

"Si hilo. Lile alilokuja nalo."

"Lilitokea kwenye skrini. Nikalifuta."

"Kabla ya kulifuta ulilisoma?"

"Huwa hatusomi," Fundi akasema.

Mganga akapenga kamasi. "Basi sasa ana jina moja tu. Nikiliita hilo nikasema toka, anatoka yeye pamoja na mwenye jina. Siwezi kuwatenganisha."

Mke akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nitalibadilisha," Fundi akasema haraka. "Kubadilisha jina la mashine ni kazi ndogo." Akaandika Pampu. Bodi ikakubali, alama ikapepesa, na jina la binti likarudi. Akaandika Jiwe. Likarudi. Akapiga herufi zozote zilizokuja mkononi, na jina likarudi, na chini yake pakaandikwa: mimi si jiwe baba.

"Hataki jina tupu," mganga akanong'ona. "Ameshaonja lenye mtu ndani. Utampa lenye mtu."

Vitaa vya betri vilikuwa vimebaki viwili. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Bibi akiimba.

"Basi langu," Fundi akasema.

Na alimaanisha. Tusimnyime haki yake hiyo, kwa kuwa hana nyingine: wakati anasema, alimaanisha. Mganga akamuuliza kama anajua maana ya anachosema, akajibu anajua. Mkewe alimshika mkono, akaubana, kisha akauachia. Hakumwambia usifanye hivyo. Mganga akasema anatoka ukumbini kutayarisha koo lake, mke akamfuata, na Fundi akabaki na kibodi.

Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake. Akaitazama. Akafikiri kwamba mkewe bado kijana na mtoto bado mdogo, na nani atawalisha, na nani atamshika mtoto mkono kumpeleka shule, na mteja wa pampu hajakabidhiwa mtambo wake, na kwamba kuna mtu mle ndani ambaye ameshakula chumvi yake nyingi, ameshaona wajukuu, magoti yanamuuma kila asubuhi na mwenyewe husema kila siku kwamba amechoka, anasubiri tu kuitwa, na kama angeulizwa bila shaka angekubali, angekubali bila kusita, mama gani asingekubali, kwa hiyo kumuuliza ni kumtesa bure, na yote haya yalionekana kuwa maneno ya mtu mwenye busara na huruma, na kidole chake kikafuta ile herufi. Akaandika jina la mama yake. Hakuwahi kulitamka tangu azaliwe, kama mtoto yeyote mwenye adabu, na ilimbidi afikirie kidogo linaandikwaje.

Bodi ikakubali. Alama ikapepesa, ikapepesa, na jina halikubadilika. Kisha mstari mmoja ukashuka.

asante mwanangu

Aliufuta haraka. "Tayari," akaita.

Mganga aliingia, akainamia skrini, akakunja macho. "Miwani sina. Mama, nisomee wewe."

Mke akainama. Alisoma, akabaki ameinama. Kitaa cha betri kilichobaki kilikuwa kimoja, nacho kimeanza kucheza. Alimgeukia mumewe, na mumewe akatazama sakafu. Sebuleni Bibi alikuwa amefika kwenye ubeti wa kuku na vifaranga, ule ambao mtoto aliupenda, anaurudia kwa sauti ya mkwaruzo ili amchekeshe.

"Limeandikwaje?" mganga akauliza. "Betri inakwisha."

Mke akapeleka mdomo sikioni mwa mganga, akamnong'oneza.

Mganga hakumjua mwenye jina. Yeye alimsikia akiitwa Bibi tu. Akajaza kifua, akaliita jina lile kwa sauti iliyotikisa vioo, akasema, "Toka! Toka urudi ulikotoka, na usigeuke nyuma!"

Kule sebuleni wimbo ukakatika.

"Abee," Bibi akaitika.

Walimsikia akiinuka. Walipofika mlangoni alikuwa ameshakiinua kichwa cha mtoto na kukiwekea mto, polepole asije akamwamsha, na kile kipande cha boksi ameshakilaza mezani. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Aliwapita bila kuwatazama, harufu ya nywele zilizoungua ikapita naye, akafungua mlango wa mbele akatoka juani, miguu mitupu, kwa mwendo wa haraka ambao magoti yake hayakuwa yamemruhusu kwa miaka. Mezani, taa nyekundu ya bodi ikazimika wakati betri bado ina chaji.

"Mama," binti akaita, kwa sauti yake. "Mdomo unauma. Naomba maji."

Mama yake akamnyakua, akalia, akacheka, akambusu kichwani na shingoni, na katika kumbusu akageuka akaupa mgongo mlango ule uliokuwa wazi.

"Yule mzee ndiye mwenye jina?" mganga akauliza. Akamwona Fundi anakimbilia nje, akampigia kelele nyuma yake, "Jina lile lisitajwe tena! Si ndani, si njiani! Ukilitaja tu, anarudi na pepo wake!"

Barabara ilikuwa imejaa watu, umeme ukikatika kila mtu hutoka nje. Bibi alikuwa ameshafika mbele, kilemba chake kinaonekana kikipanda na kushuka kati ya vichwa. Fundi alimkimbilia, akakwama kwenye mkokoteni, akasukumana na watu, akamwona anazidi kwenda.

"Mama!" akaita. "Mama!"

Wanawake wengi wakageuka. Muuza mboga aligeuka, mwenye duka la vitambaa akageuka, msichana mwenye mtoto mgongoni akageuka na kumtazama kwa wasiwasi. Bibi hakugeuka.

"Mama! Mama, rudi!"

Muuza mboga alimhurumia. Alimwona mtu mzima mwenye damu iliyokauka shatini, analia kama mtoto, akamshika bega. "Pole, kaka. Humu kila mtu ni mama, hawezi kukusikia. Anaitwa nani? Tutajie jina, tukusaidie kumwita."

Fundi alifungua mdomo. Kule mbele kilemba kilikuwa kinafika kwenye kona.

"Anaitwa nani?" yule mwanamke akauliza tena, na wenzake wakasogea, tayari kupaza sauti.

Fundi akaufunga mdomo, na Bibi akakata kona.